Kabla Hujatia Mafuta ya Karafuu Kwenye Chakula cha Kuku wa Nyama

Ukiingia soko la Marikiti hapa Mombasa, harufu ya karafuu na mdalasini hukulaki kabla ya muuzaji. Mfugaji wa Kisauni akisikia mafuta ya viungo yanasaidia tumbo la kuku, ni rahisi akimbilie kichupa. Mimi ningeanza na mizani.

Kichupa chenyewe kwanza. Mengi yauzwayo ni ya kuchua, yamechanganywa na mafuta ya nazi. Unayoyataka ni yaliyokenekwa kwa mvuke, na lebo itaje kiambata, yaani kemikali inayofanya kazi, na kiasi chake: yujenoli kwa karafuu, kavakroli na thaimoli kwa oregano, jani la kiungo.

Kipimo ndipo wengi huharibu. Majaribio mengi hutumia kama miligramu 100 hadi 300 kwa kilo ya chakula. Ukishika 200, gunia la kilo 50 linataka gramu 10: vijiko viwili vya chai tu! Ukivimimina juu ya gunia, kuku wachache watachomwa midomo, waliobaki hawapati kitu, na harufu ikizidi wanasusa chakula. Kwa hiyo sugua hizo gramu 10 ndani ya kilo moja ya pumba ya mahindi, kwenye sufuria, mikono ikiwa na glavu, mpaka doa la mafuta lisionekane. Ichanganye na kilo tano za chakula, kisha gunia zima. Usitie kwenye maji ya kunywa, mafuta hayachanganyiki na maji. Na usijifute jicho.

Mafuta haya hupotea hewani kama mvuke. Stoo ya mabati mwezi wa Februari hapa Mombasa ni tanuri, basi changanya cha siku mbili tatu, ufunike. Yaliyofungwa ndani ya chembechembe hudumu zaidi, ila bei yake si mchezo.

Chanjo za kideri na Gumboro ziko palepale. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, mafuta haya yalitafutwa zaidi kuziba pengo hilo, si kutibu. Kuku akiharisha damu, mwite daktari wa mifugo.

Vifaranga wakifika, wagawe: 50 wale chakula chenye mafuta, 50 cha kawaida, banda moja, maranda yaleyale. Kila wiki pima kumi kila upande, andika. Siku ya kuuza gawanya kilo za chakula kwa kilo za kuku. Upande uliokula kilo 160 ukatoa kilo 100 ni 1.6, mwingine ukiwa 1.6 vilevile, kichupa kirudi jikoni kwa pilau.