Karatasi za kukusanya kabla ya kufungua iTax

Ritani ya kodi nchini Kenya mara nyingi huharibika kabla mtu hajaingia iTax, tovuti ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya): hufungua fomu kwanza, karatasi akazitafuta baadaye. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita ni Juni 30. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Anza kukusanya Machi, ofisi ya mishahara ingali inapokea simu.

Karatasi kuu ya mwajiriwa ni P9, muhtasari wa mshahara na makato yako ya mwaka, anayoitoa mwajiri. Isome kabla ya kuihifadhi. PIN yako (namba ya mlipakodi) iwe na herufi, tarakimu tisa, kisha herufi. Tarakimu moja ikikosewa, PAYE yako (kodi inayokatwa kwenye mshahara) haionekani kwa jina lako. PIN ya mwajiri nayo iwepo, maana fomu itaiuliza. Kisha chukua hati zako za mshahara za miezi 12, ujumlishe mshahara ghafi na PAYE, ulinganishe na jumla za P9. Tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF (mchango wa bima ya afya ya jamii) ya asilimia 2.75 na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. P9 ya 2025 isiyoonyesha hivyo irudishe ikarekebishwe.

Uliyehama kazi katikati ya mwaka unahitaji P9 mbili. Ikiwa kazi mbili zilipishana miezi, jiandae: huenda kila mwajiri alikupa nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, nawe haki yako ni moja tu, 28,800 kwa mwaka. Iliyozidi utailipa.

Wenye bima ya maisha, ya afya au ya elimu waombe cheti cha mwaka kutoka kampuni ya bima. Kiwe na PIN ya kampuni, namba ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuiva, na malipo ya mwaka. Nafuu ni asilimia 15 ya malipo, isipite 60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu lazima iwe ya miaka 10 au zaidi. Mwenye mkopo wa nyumba anayoishi aombe benki cheti cha riba aliyolipa. Riba tu, si marejesho yote. Uliyekatwa kodi ya zuio kwa ushauri au kazi ya mkataba, pakua vyeti vyake kwenye iTax yenyewe.

Kosa linalorudi kila mwaka: mtu hujaza mshahara uliokwisha kutolewa NSSF (mchango wa uzeeni), kisha akaitoa NSSF tena mbele. Jaza ghafi, makato yaje baadaye. Na fomu ikikuonyesha deni ilhali ulikatwa PAYE yote, usichezee tarakimu hadi zisawazike. Huenda mwajiri hakupeleka pesa hizo, au alikosea PIN. Yeye ndiye wa kurekebisha ritani yake.

Ukijaziwa ritani kwenye saiba (duka la intaneti), kaa hapo na P9 mkononi. Ritani ya sifuri ni ya asiyekuwa na mapato, na wahudumu wengine huipenda kwa sababu inachukua dakika mbili. Pakua risiti ya KRA, uiweke pamoja na karatasi zote kwa miaka mitano.