Kupeleka mradi wa ofisini studioni: hatua ninazofuata

Mwenzangu tuliyewahi kufanya kazi ofisi moja ameanza kufundisha studio ya usanifu majengo, mwaka wa pili, siku mbili kwa juma, huku ana majengo mawili yanayojengwa. Alinipigia simu usiku kuuliza awape wanafunzi zoezi gani. Nikamwambia alitoe kwenye kabati lake la michoro. Tulitumia muda wa saa tatu kwenye simu tukihangaika na faili moja tu, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Hatua ya 1: Chagua mradi uliosimama

Kwa maana zote mbili: ama umekwama na mteja amekata tamaa, ama jengo limekwisha na limesimama. Usilete mradi ambao bado unauchora. Utajikuta unawavuta wanafunzi kuelekea jibu ulilonalo tayari, na siku mmoja wao atakapotatua ngazi vizuri kuliko wewe, utatamani kuichukua. Wazo hilo ni lake. Ukiliingiza kwenye michoro ya ofisi bila yeye kujua, umemwibia, hata kama siku hiyo uliita "msukumo".

Hatua ya 2: Ruhusa

Ya mteja, kwa maandishi. Ondoa jina lake, namba ya kiwanja na bajeti. Michoro ya mhandisi na ya mpima ardhi nayo ina wenyewe, waulize.

Hatua ya 3: Punguza hadi libaki swali moja

Jengo la ofisini lina vyumba 40, masharti ya wazimamoto, maegesho na mteja anayebadili mawazo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akipewa yote hayo atapanga vyumba kama matofali na kukuletea korido. Mimi huacha kile kilichonisumbua zaidi. Safari iliyopita ilikuwa mteremko wa mita 6 kutoka barabarani hadi nyuma ya kiwanja, na vyumba vinane tu vya kuupanda.

Hatua ya 4: Faili la kiwanja

Hapa ndipo saa hupotelea. Muhula wangu wa kwanza niliwatumia wanafunzi 14 faili la mpima ardhi kama lilivyonifikia. Kila mmoja "alilirekebisha" kwa namna yake. Siku ya kuwasilisha ukutani palikuwa na viwanja 14 vya ukubwa tofauti, viwili kaskazini yake ikitazama chini.

Tatizo ni hili: mpima ardhi huchora kwa koordineti halisi, yaani namba za mahali kiwanja kilipo duniani. Katika mfumo wa UTM, unaoigawa dunia kanda kanda kwa ajili ya ramani, mstari wa katikati wa kila kanda hupewa mita 500,000, na kusini mwa ikweta hesabu ya kaskazini huanzia mita 10,000,000 pale ikweta, ili pasiwe na namba hasi. Kwa hiyo kona ya kiwanja chako iko mamia ya kilomita, pengine maelfu, kutoka kwenye sifuri ya mchoro. AutoCAD, programu ya kuchorea, hainung'uniki. Mwanafunzi akiliingiza faili SketchUp, programu ya modeli za pande tatu, mistari inatetemeka na nyuso zinatoweka akisogea karibu. Revit, programu nyingine ya kuchorea majengo, nayo hulalamika mchoro umetawanyika mno.

Fanya hivi:

Hifadhi faili la asili peke yake, usiliguse tena. Fanyia kazi nakala.

Amuru programu ionyeshe mchoro wote. Kiwanja kikionekana kama nukta, kuna kipande kimepotelea mbali, mara nyingi neno moja au alama ya mti. Kifute.

Usibonyeze ile amri ya kulaza kila kitu chini. Utaambiwa na wengi kwamba inasafisha faili. Inasafisha kweli, pamoja na vimo vya kontua zako, ile mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Laza mpaka, miti na maandishi peke yake. Kabla ya hapo, gusa kontua moja usome kimo chake: kama zote ni sifuri, basi vimo vimeandikwa tu kwa maneno, na itabidi uzinyanyue moja moja kwa mkono. Mimi ilinichukua jioni nzima. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Chagua kona moja ya kiwanja, andika namba zake halisi pembeni, kisha hamisha vyote ili kona hiyo iwe 0,0. Vimo navyo: kama kiwanja kiko mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, toa 1,140 kila mahali na uandike kwamba umetoa. Usizungushe mchoro. Kaskazini ibaki juu. Anayetaka kiwanja kinyooke kwenye karatasi azungushe dirisha la kutazamia.

Vipimo sasa. Mpima ardhi huchora kwa mita, sisi kwa milimita. Zidisha kwa 1,000 mara moja, kisha badilisha na mpangilio wa vipimo ndani ya faili, maana programu nyingine husoma huo. Chora mraba wa mita 10 kando ya kiwanja. Kila mwanafunzi aupime mara tu anapoingiza faili kwake. Akisoma milimita 10,000, aendelee. Akisoma 10 au 10,000,000, asimame akuite.

Mwisho, hifadhi kwa toleo la zamani. Programu yako ni mpya, ya kwao huenda si mpya.

Hatua ya 5: Karatasi kwanza

Baada ya mateso yote hayo, wiki mbili za mwanzo nafunga kompyuta. Faili linachapishwa, wanafunzi wanatumia penseli, karatasi ya kufuatishia na modeli ya kadibodi kwa skeli ya 1:200. Picha za kung'aa zenye watu wanaotabasamu na puto angani sizipokei kabla ya mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, kueleweka. Weka skeli ya mstari (mstari uliogawanywa kwa mita) kwenye kila karatasi: mchoro wa 1:100 kwenye A1 ukipunguzwa hadi A3 unakuwa 1:200, na maandishi yake hudanganya.

Wiki ya tatu nawapa siku moja ya kuchora wazo peke yao, naliweka kabatini. Desturi hii nimeiazima kwa École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Paris, ambako warsha ziliongozwa na wasanifu wenye ofisi zao, na mwanafunzi aliyeuacha mchoro wake wa awali aliondolewa mashindanoni. Mimi simwondoi mtu. Mwisho wa muhula namrudishia tu mchoro wake.

Hatua ya 6: Ratiba

Kikao cha saiti kisiangukie siku ya studio. Wanafunzi 14 kwa dakika 20 kila mmoja ni saa 4 na dakika 40 bila kusimama. Mkandarasi ajue saa hizo simu imezimwa.

Hatua ya 7: Bandika michoro yako

Baada ya alama kutolewa, si kabla. Muhula uliopita wa kwanza kunyoosha mkono aliuliza kwa nini mlango wa stoo unafungukia koridoni. Nilipita kwenye jengo wiki iliyofuata. Ni kweli, unafungukia koridoni.