Bolijointi ya Corolla ikigoma kurudi mahali pake

Corolla 110 yangu inalala uani Dodoma, chini ya mwarobaini, na njia ya kufika kwetu ni makorongo matupu. Bolijointi za mbele, vile viungo vinavyounganisha gurudumu na mkono wa chini wa gari, nimeshazibadilisha mwenyewe mara mbili. Kuitoa iliyochoka ni jasho tu. Kazi yenyewe ni kurudisha mpya, na hapo ndipo wengi wanapoanza kugonga ovyo.

Kwanza usalama. Gari likae kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Lisukume uone kama linacheza. Mpwa wangu anayenisaidia nimemkataza kuingiza hata mkono kabla sijafanya hivyo, na hapo sina mzaha.

Anza na tundu la kwenye chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Lifute kwa kitambaa, ukwangue kutu kwa msasa laini mpaka ling'ae. Jino la bolijointi, ile ncha inayoingia tunduni, lina umbo la pia, nalo hushika kwa chuma kubana chuma, kwa hiyo usipake grisi hapo. Ingiza jino kutoka chini, kisha zungusha nati kwa vidole. Ikikwama mapema, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana.

Mara nyingine nati inakaza kidogo, halafu jino lote linazunguka nayo. Usihangaike kulishika kwa koleo, utachana mpira wa vumbi. Weka kipande cha mbao juu ya jeki, pandisha taratibu chini ya bolijointi mpaka jino libane kwenye tundu, kisha kaza. Macho yawe kwenye stendi, gari lisije likanyanyuka. Tundu la spliti pini (pini inayozuia nati isifunguke) lisipolingana na meno ya nati, endelea kukaza mbele kidogo mpaka lilingane. Usilegeze kurudi nyuma hata kidogo.

Sasa wishiboni, yaani ule mkono wa chini, na huu ndio ubishi wenyewe. Bolti mbili za bolijointi zinatazama chini, na wishiboni inatakiwa ishuke, ipite chini yake, ndipo ipande. Haishuki kwa hiari, kwa sababu bushi zake za mpira zimekazwa gari likiwa chini, hivyo mpira unaivuta irudi juu. Kama stabiliza ya gari lako (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) imeshikwa kwenye wishiboni, fungua linki yake kwanza; utashangaa mzigo unavyopungua.

Mara ya kwanza sikulijua hilo. Nilipiga nyundo zile bolti mbili kwa chini nikitaka bolijointi ipande, hesi (nyuzi za bolti) zikabonyea, nati ikakataa kabisa. Nikarudi dukani kununua nyingine.

Siku hizi natumia mnyororo na mtaimbo mrefu. Zungusha mnyororo kwenye wishiboni karibu na ncha, upitishe mtaimbo ndani yake, egemeza ncha ya mtaimbo chini ya chuma imara cha bodi, kisha mwenzako akandamize upande wa pili kwa uzito wake. Wishiboni inashuka kama sentimita chache tu, nazo zinatosha. Wewe unaelekeza habu kwa mikono miwili, bolti zikitazamana na matundu unamwambia, "Achia polepole, mjomba." Vidole visiwepo katikati. Usivute habu nje sana, maana shafti inayozungusha gurudumu inaweza kuchomoka kwa ndani, na paipu ya breki isibebe uzito wowote.

Nati mbili na bolti moja zinazoshika bolijointi kwenye wishiboni zikaze kwa spana ya kupima mkazo: kwenye Corolla hii ni Nm (nyutonmita) 142. Mimi naiazima kwa fundi wa jirani. Nati za gurudumu ni Nm 103.

Kabla ya kurudisha tairi, rudi kwenye spliti pini. Iwe mpya, si ile ya zamani iliyonyooshwa, na miguu yake miwili ikunjwe kuzunguka nati. Ishike kwa vidole, uivute. Isitoke.