Kuchagua tarehe ya shughuli Mombasa: mwezi kwanza, ukumbi baadaye

Simu nyingi ninazopokea ni za watu waliokwisha kulipia ukumbi. Kadi ziko kwa mchapishaji, wageni wa bara wameshaambiwa, na sasa ndipo wanamtafuta mpangaji wa shughuli kama mimi. Nikifungua kalenda nakuta Jumamosi yao imeangukia kumi la mwisho la Ramadhani, au ni wiki ya Pasaka na vyumba vya hoteli vimekwisha. Ukumbi ni jambo la mwisho kushika, na hapa naeleza yanayotangulia. Nimewafikiria zaidi wenye harusi, lakini anayeandaa kongamano au mahafali atapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Soma mwezi

Chukua kalenda ya Kiislamu uiweke kando ya ile ya ukutani. Hata kama wewe si Mwislamu, mpishi wako, mpambaji wako, mwenye turubai na wageni wako wengi wanaufuata mwezi. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 Februari, na Idi karibu na 10 Machi, kutegemea mwezi kuandama. Mwaka 2028 itaingia mwishoni mwa Januari. Usiweke shughuli siku ambayo huenda ikawa Idi au huenda isiwe. Acha nafasi ya siku mbili tatu kila upande.

Miezi miwili ndiyo yenye msongamano: Shaabani, kila mtu akiwahi kabla ya mfungo, na Mfungo Mosi, baada ya Idi. Ukitaka mojawapo, uwe umeanza kutafuta miezi minane hadi kumi kabla, hasa ukihitaji ukumbi wa kuingiza watu zaidi ya mia tatu. Karibu na Idi kubwa mbuzi na ng'ombe hupanda bei, kwa hiyo anayepika pilau ya watu mia tano ataona tofauti kwenye hesabu yake. Mfungo Nne na Mfungo Tano, yaani Muharram na Safar, zipo familia zisizopenda kufungisha nikahi. Waulize wazee wa pande zote mbili kabla hujataja tarehe yoyote mbele ya watu. Kama kwenu hakuna neno, miezi hiyo kumbi hupatikana kwa utulivu, na mwenye ukumbi yuko tayari kuzungumza bei.

Mkutano wa ofisi nao haukwepi mwezi. Ramadhani waliofunga huchoka alasiri, na ukiwaweka hadi saa kumi na moja watakuwa wanawaza futari na msongamano wa Nyali Bridge. Kama hakuna budi, anza saa mbili asubuhi na umalize saa saba.

Hatua ya 2: Soma pepo na mvua

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, mvua ni chache, lakini joto la Februari na Machi ni la kuunguza, na bibi harusi aliyepambwa kuanzia asubuhi atahitaji chumba chenye kiyoyozi, feni haimtoshi. Masika huanza mwishoni mwa Machi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Shughuli ya nje mwezi wa Mei siikubali, hata mteja akiniambia turubai ni jipya. Maji hayaingilii juu tu, hupita chini ya viti, waya za spika zikawa zimelala ndani ya dimbwi.

Kusi ndiyo ya Juni hadi Septemba. Hali ya hewa hupoa na watu hukaa vizuri, ila upepo wa Juni na Julai ufukweni una nguvu. Mapambo ya kitambaa kirefu na matao ya maua huangushwa, kwa hiyo omba mpambaji afunge chini kwa mifuko ya mchanga. Kusi pia hugusa sahani: bahari ikichafuka mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki huwa ghali. Anayetaka nguru wa kukaanga au samaki wa kupaka kwa wageni mia nne, kaskazi ndiyo wakati wake. Vuli huja Oktoba na Novemba, mara nyingi kwa manyunyu ya kupita, na mtu mwenye ukumbi wenye paa haimzuii.

Hatua ya 3: Kama ni ufukweni, soma maji

Hapa ndipo watu wa bara huteleza zaidi, nami huwaeleza wateja wangu taratibu.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hizo na moja mbili zinazofuata, ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kabisa mwendo wa saa kumi hadi kumi na moja jioni, saa ile ile ambayo kila mtu hutaka kupigia picha jua likielekea kuzama. Pale Nyali na Bamburi, mchanga uliouona mpana saa nne asubuhi ulipokwenda kukagua, jioni yake maji yameufunika hadi kwenye kuta za hoteli. Viti mia mbili havina pa kukaa.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na alasiri yanakuwa yamerudi nyuma. Hizo ndizo siku za kufanyia shughuli ya jioni ufukweni. Ukizishika siku za saba au nane na za ishirini na mbili au tatu za mwezi wa Kiislamu, hutakosea mbali. Bado uthibitishe kwa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini, na uende ukakague mahali saa ile ile ya shughuli, katika siku yenye mwezi kama huo.

Hatua ya 4: Shule, watalii na serikali

Likizo za shule ni Aprili, Agosti, na Novemba hadi mwisho wa Desemba. Jamaa wenye watoto husafiri wakati huo tu, kwa hiyo harusi yenye wageni wengi kutoka Nairobi huangukia hapo. Gharama yake ni kwamba Desemba na Pasaka hoteli hutoza bei ya juu na tiketi za treni ya Madaraka Express huisha mapema. Wape wageni tarehe mapema ili wawahi kukata tiketi.

Mikutano ina siri yake. Mtu hudhani Mei na Juni, mvua zikinyesha na watalii wakiwa wachache, kumbi za hoteli ziko wazi. Wikendi ni kweli. Katikati ya wiki sivyo, maana mwaka wa fedha wa serikali humalizika 30 Juni, na idara nyingi hufanya warsha zao miezi hiyo. Ukitaka Jumatatu hadi Ijumaa mwezi wa Juni, ulizia mwanzoni mwa mwaka.

Kuna pia uchaguzi mkuu, unaofanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2027 ni tarehe 10 Agosti. Miezi ya kampeni, spika, jenereta, turubai na viti hukodiwa na wanasiasa, na wengi wa wageni huahirisha safari. Sipendekezi shughuli kubwa kuanzia mwanzo wa Julai hadi mwisho wa Agosti mwaka huo.

Hatua ya 5: Panga yote juu ya karatasi moja

Tuchukue harusi ya 2027, wageni mia nne, nikahi msikitini na sherehe ufukweni jioni. Masika inafuta Aprili na Mei. Ramadhani inafuta sehemu kubwa ya Februari na mwanzo wa Machi. Mfungo Mosi unakuja Machi, lakini Pasaka ni tarehe 28 mwezi huo huo, kwa hiyo wa Idi na wa Pasaka watagombania kumbi zile zile. Juni upepo wa ufukweni una nguvu, Julai na Agosti kuna uchaguzi, Oktoba na Novemba ni vuli, na Desemba hoteli ziko juu.

Inabaki Januari, ambayo sehemu yake kubwa ni Shaabani, na baadaye Septemba. Januari ni kaskazi, bahari imetulia, samaki wapo, na bei za sikukuu zimeshuka baada ya wiki ya kwanza. Sasa rudi kwenye maji: mwezi utakuwa mpevu tarehe 22, kwa hiyo Jumamosi ya 23 ni bamvua, ifute. Jumamosi ya 16 na ya 30 ni maji mafu. Mpe bibi harusi achague kati ya hizo mbili.

Kwa asiyebanwa na Shaabani, mimi ningemshauri Septemba. Shule zimefunguliwa, bei za vyumba zimeshuka, kusi inalegea na vuli haijafika. Nashangaa bado haijajaa.

Hatua ya 6: Ndipo ushike ukumbi

Nenda na tarehe mbili, usiende na moja. Shika ukumbi na mpishi siku moja, kwa sababu wapishi wanaoweza sufuria kubwa za biriani ni wachache kuliko kumbi. Mpambaji, mpiga picha na mwenye spika wanaweza kufuata wiki hiyo. Ukitaka Fort Jesus, andika barua mapema kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ukumbi ukiwa Likoni au Diani, waelekeze wenye magari barabara ya Dongo Kundu ili wasikwame kwenye feri.

Unapotoa arbuni, dai risiti iliyoandikwa tarehe ya shughuli, saa ya kuingia kupamba, saa ya kutoka, na kiasi kitakachorudishwa ukibadilisha siku. Kama tarehe yako iko karibu na Idi, ongeza mstari unaosema shughuli itasogea kwa siku moja mwezi ukiandama tofauti, bila malipo ya ziada. Wenye kumbi wa Mombasa wanalielewa ombi hilo, na wengi hukubali likitajwa kabla ya pesa kutoka mkononi.