SOMO: Kitu kinachodunda mwilini na michirizi ya ngozi, jipime hivi kabla ya kuuliza

Swali linarudi lile lile: "Nina michirizi tumboni na kuna kitu kinadunda chini yake, ni ugonjwa gani?" Naliandikia somo kamili ili wenye wasiwasi wapate pa kuanzia.

Lishike hili kwanza: michirizi haidundi. Ni kovu lililo ndani ya ngozi, pale nyuzi zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko zilipokatika. Vimishipa vyake ni vidogo mno, kidole hakiwezi kuhisi mapigo yake. Kinachodunda kiko chini zaidi, nacho ama ni mshipa wa damu ama ni msuli.

Hatua ya 1. Pumzika dakika tano, umekaa au umelala. Usipime ukiwa umetoka kukimbia, kunywa kahawa au kuvuta sigara.

Hatua ya 2. Tafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati.

Hatua ya 3. Linganisha mapigo hayo na kile kinachodunda. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kosa la kwanza ni kupima kwa kidole gumba: kina mapigo yake chenyewe, utajikuta unahesabu ya kidole. La pili ni kukandamiza hadi mshipa unajifunga, halafu mtu anashtuka kwamba moyo umesimama. La tatu ni kuhesabu sekunde 10 na kuzidisha mara 6, maana ukikosea pigo moja umekosea sita. Hesabu sekunde 30, zidisha mara 2. Mapigo yakiruka-ruka, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Kupima kifundo kunachukua mikono yako yote miwili, kwa hiyo kama mdundo hauhisiki bila kuugusa, mwombe mtu akushike mapigo na agonge meza kila anapohisi pigo, wewe weka kiganja panapodunda.

ONYO: usibonyeze shingo pande zote mbili kwa pamoja, wala usiisugue ukitafuta mapigo. Shingoni kuna sehemu inayopima presha ya damu. Ikibanwa, moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla ukazimia. Wazee waiache kabisa, watumie kifundo cha mkono.

Hatua ya 4. Soma jibu. Mdundo ukienda sawa na kifundo, ni mshipa wa damu. Usipoenda sawa, ukaja kwa mfululizo wa haraka kisha ukakoma, ni msuli unacheza, kama kope, paja au shavu la mguu. Uchovu, usingizi mdogo, kahawa nyingi na mazoezi mazito huuchochea.

Tumbo lina maelezo yake. Aota, mshipa mkuu kutoka moyoni, hushuka mbele ya uti wa mgongo na kugawanyika karibu na usawa wa kitovu. Mtu mwembamba akilala chali atauhisi kati ya chembe cha moyo na kitovu, na hilo ni kawaida. Lisilo la kawaida ni mdundo unaovisukuma vidole vyako kando, kulia na kushoto, badala ya kuviinua tu. Huenda aota imetanuka. Ikifika sentimita 3 huhesabiwa kuwa imetanuka, na jibu la uhakika ni altrasaundi. Wanaume waliopita miaka 65 na waliowahi kuvuta sigara wasisubiri. Usiendelee kulibonyeza tumbo kila saa.

Hatua ya 5. Tazama michirizi. Mipya huwa myekundu, ya zambarau au kahawia iliyokolea kulingana na rangi ya ngozi. Ya zamani hufifia. Kubalehe, ujauzito, kunenepa haraka na kujaza misuli haraka ni sababu za kawaida. Michirizi ya zambarau yenye upana unaopita sentimita 1, pamoja na uso kuvimba mviringo, ngozi kuvilia damu kirahisi na mapaja kukosa nguvu ya kuinuka kwenye kiti, inataka vipimo vya kotisoli, homoni ya msongo inayotengenezwa na mwili.

Nenda hospitali SASA HIVI ukiwa na maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo pamoja na kuishiwa nguvu, au moyo kwenda mbio pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia.

MASWALI

— Tumbo linadunda chini ya kitovu. Ni mimba?
Mdundo hautambulishi mimba. Moyo wa mtoto hausikiki kwa kiganja. Pima mkojo.

— Mkuu sijasoma yote, nipe tu dawa ya kufuta michirizi.
Soma hatua ya 5. Dawa ya kuifuta kabisa haipo.

— Mbona mama yangu alipaka mafuta akapona? Unapotosha watu.
Sipotoshi. Michirizi hufifia yenyewe kwa miezi hadi miaka, na mafuta yanayopakwa kipindi hicho ndiyo yanayosifiwa. Mafuta hulainisha ngozi na kupunguza muwasho. Siagi ya kakao na mafuta ya zeituni yalipojaribiwa kwa wajawazito hayakuzuia michirizi.

— Samahani, naomba kuelewa: kwa nini mjamzito hupata vyote viwili, mdundo na michirizi?
Swali zuri sana, dada. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, moyo unasukuma nyingi zaidi kila dakika, hivyo mapigo yanahisika hadi masikioni. Wakati huo huo tumbo linalokua linaivuta ngozi, nazo homoni zinaibadilisha. Ni mambo mawili yanayokutana, moja halisababishi lingine. Mapigo makali pia hutokana na homa, upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo yakidumu omba vipimo vya damu. Krimu ya tretinoini, dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, husaidia kiasi michirizi ikiwa bado mipya, lakini USIITUMIE ukiwa mjamzito.

— Napaka krimu ya kung'arisha ngozi, michirizi imetokea mapajani. Inahusiana?
Yawezekana kabisa. Soma kopo: ukiona klobetasoli au betamethazoni, hizo ni steroidi, hupunguza unene wa ngozi hadi inachanika kwa ndani. Mwone daktari wa ngozi akupangie namna ya kuacha, na kama umeitumia miezi mingi mwili mzima usikatishe ghafla.

— Nje ya mada kidogo: nasikia mapigo sikioni nikilala.
Ukilalia sikio na ukaacha kuyasikia ukigeuka, kwa kawaida ni mto tu. Yakiwa sikio moja, kila siku, yakienda sawa na kifundo cha mkono, nenda ukapimwe masikio na mishipa ya shingo.

— Na jino linalodunda?
Jino ni kiini chake kimevimba, hakina pa kutanukia. Daktari wa meno, wiki hii.