Namna ya Kuandaa Utafiti wa Uzamivu Kuhusu Watu na Binadamu Pepe

Ukitaka kufanya utafiti wa uzamivu mjini Mombasa kuhusu namna watu wanavyozungumza na binadamu pepe, yaani umbo la mtu lililoundwa kwa kompyuta, anza kwa kulipunguza swali lako hadi lipimike. Kuuliza iwapo watu wanamwamini ni kuuliza mengi mno. Afadhali uchunguze iwapo mzee wa Mji wa Kale atazungumza kwa muda mrefu zaidi na umbo linalomwamkia kwa shikamoo kuliko lile linaloingia moja kwa moja katika shughuli.

Kabla ya kumwita mshiriki yeyote, pata idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya Kenya inayoidhinisha utafiti, kisha uzingatie Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa kuwa sauti na sura ni taarifa binafsi.

Huhitaji programu kamili mwanzoni. Unaweza kuketi chumba cha pili na kuyaendesha majibu ya umbo hilo kwa siri, mradi mshiriki aelezwe ukweli baadaye na aruhusiwe kuiondoa rekodi yake. Tangu mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alipoitangaza mwaka 1966 ELIZA, programu iliyoiga mazungumzo ya mtu kwa maandishi, imejulikana kwamba watu huweza kuihusisha mashine na utu hata wakijua ni mashine. Kwa hiyo usitegemee hojaji pekee, hasa hapa Pwani ambapo mgeni, kwa adabu tu, husifiwa hata akichosha. Pima pia vimya, mahali macho yanapoelekezwa na muda wa kujibu, huku ukibadilisha jambo moja tu baina ya makundi.