Tairi Lipime Dar, Usisubiri Chalinze

Kijiwe changu kiko Chalinze, karibu na pale barabara zinapogawana, moja ikienda Morogoro na nyingine Segera. Desemba ikifika, ndugu zangu Wachaga wanamiminika kwenda Moshi kula Krismasi (sisi Wakwere safari hiyo hatuna, kwetu ni hapahapa), na kila anayesimama husema, "Fundi, nicheki upepo." Nakucheki, bosi. Ila kipimo nitakachokusomea ni cha uongo, na si kosa la mashine.

Toka Dar hadi hapa umetembea kilomita mia moja na ushee juu ya lami yenye jua. Tairi limepata moto, na upepo wa ndani ukipata moto unapanda. Tairi lililotoka nyumbani na 28 (PSI, kipimo chetu cha upepo) linaweza kunisomea 32 au 33. Kibandiko cha gari lako kinataka 32. Basi wote wawili tunafurahi, unanipa hela ya soda, unaondoka na tairi lenye upungufu.

Kwa hiyo upepo upimwe nyumbani, asubuhi, gari limelala, kabla jua halijaligusa. Kama kituo cha mafuta kiko mbali zaidi ya kilomita mbili au tatu, nunua kipimo chako, kinakaa kwenye droo ya dashibodi. Namba ya kufuata iko kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani na kibandiko ni cha Kijapani, lakini tarakimu hazina kabila: 220 (kPa) ni sawa na 32 ya kipimo chetu, 230 ni 33, 240 ni 35. Kikionyesha namba mbili, ya mzigo mdogo na ya gari lililojaa, safari ya Krismasi ni ya gari lililojaa. Usinisomee ile namba ya ubavuni mwa tairi, 44 au 51. Huo ni ukomo wa tairi lenyewe, haulijui gari lako. Wapo mafundi wenzangu wanaojaza kwa kuitazama hiyo, na mnawaita wataalamu.

Na ukilikuta tairi la moto limezidi namba ya kibandiko, usipunguze. Likipoa litakuwa chini.

Kwa nini nasumbuka na namba tatu nne? Chukua kipande cha waya, ukunje na kuukunjua haraka haraka. Unapata moto, kisha unakatika. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unafanya hivyo kila mzunguko. Kwenye foleni ya Ubungo hutasikia kitu. Lakini ukishapita Korogwe, barabara imenyooka, jua la Same limewaka, watu saba ndani na mabegi juu, unatembea 110, moto unazidi kuliko unavyotoka. Mpira unaachana na nyuzi zake. Dereva atasema tairi limepasuka ghafla, kumbe lilianza kufa toka Dar. Kurudi ni kubaya zaidi, maana mnarudi na mikungu ya ndizi.

Upepo ukishakaa sawa, zunguka gari ulisome tairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin wanasema likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama linaonekana zima. Hapa ndipo mtumba unapowaua. Tairi la mtumba linang'aa, limepakwa rangi nyeusi, kashata (vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara) zimesimama, bei nzuri. Pinda ubavu utaona nyufa nyembamba. Ingiza mkono ndani upapase kama kuna kiraka. Angalia chini ya mifereji, maana wapo wanaochonga tairi kipara kwa kisu cha moto lionekane lina kashata, na kisu hakijui pa kuishia. Uvimbe wa ubavuni, hata mdogo kama embe dodo changa, hauna dawa: nyuzi zimeshakatika. Usiniombe niuzibe.

Kashata zikipungua hadi milimita 1.6, zinalingana na vile vidaraja vidogo vilivyomo ndani ya mfereji. Hapo tairi limekwisha. Mimi nakushauri usifike huko, hasa mvua zikianza. Laza kijiti cha kiberiti kwenye mfereji: kikichomoza juu, lina chini ya milimita mbili hivi, badilisha. Likiisha pande zote mbili, ulitembea na upepo mdogo. Likiisha katikati, ulijaza kupita kiasi. Likiisha upande mmoja, kapime alaimenti (unyoofu wa magurudumu) kabla ya kununua jipya, lisije nalo likalika.

Wenye Hiace, nawaambia peke yenu. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na 107 ni kilo 975. Hiace inataka tairi la mzigo, lenye namba za juu kama 107/105. Ukiifungia tairi la gari dogo kwa sababu limeingia kwenye rimu, umepunguza mamia ya kilo kila kona, halafu unapakia harusi nzima.

Ukinunua mawili mapya, yaende nyuma. Najua mtabisha, kila siku tunabishana hapa. Mbele likiteleza kwenye maji, gari linakwenda moja kwa moja, na ukiachia mafuta unalirudisha. Nyuma likiteleza, gari linageuka, na dereva wa kulirudisha simjui.

Likipasuka ukiwa kasi, mguu utataka breki. Usiupe. Shika usukani kwa mikono miwili, nyoosha gari, achia mafuta taratibu, liache lipungue lenyewe. Breki ndogo likishakuwa polepole, kisha toka kushoto nje kabisa ya lami. Rimu itaharibika, acha iharibike.

Washa taa za hatari, weka pembetatu hatua hamsini au zaidi nyuma, shusha abiria wakae mbali na barabara. Huna pembetatu, weka matawi kama tulivyozoea. Weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili, legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Spea nyembamba inataka upepo wa 60, na mwendo usizidi 80. Yote mawili yameandikwa ubavuni mwake. Karibu kila spea nyembamba ninayotolewa chini ya mabegi imelala, kwa sababu haijapimwa toka ishuke melini. Ipime siku ile ile unapopima mengine. Tairi likichomwa na msumari kwenye kashata nitalishona kwa utepe na utafika. Likichanika ubavu, hapana, hata ukiongeza hela.

Kukaza nati, ruka moja kwa mtindo wa nyota, gari likishashuka ndipo umalize kwa nguvu. Kupanda spana kwa miguu ni kwa kulegeza tu. Ukikaza hivyo unavuta stadi (ile bolti inayoshika nati), na stadi iliyovutwa hukatika siku nyingine. Kilomita 50 hadi 100 mbele, simama ukaze tena. Ukitokea kwangu, hiyo ni kabla ya Segera.

Na mawe na matawi uliyoweka, yatoe. Wenye malori hasa, nasema nanyi. Mnaondoka mnayaacha katikati ya njia, usiku anakuja mtu na familia yake, anayakwepa anakutana na basi.